Iowa Yahuisha Mpango wa Wanyamapori Huku Mfuko Wake Ukiwa Mtupu

Katika Katiba ya Jimbo la Iowa, nchini Marekani, Ibara ya VII, kifungu cha 10, kuna mfuko ulioundwa mahususi kwa ajili ya maji safi, maeneo ya asili, makazi ya samaki na wanyamapori, na hifadhi ya udongo wa mashamba. Wapigakura waliuidhinisha Novemba 2010 kwa takriban asilimia 63 ya kura. Mwaka 2025 ulipofika, mfuko huo ulikuwa ungali mtupu. Sharti lake ni kwamba siku Bunge la jimbo litakapopandisha kodi ya mauzo, sehemu tatu kwa nane za senti ya kwanza ya nyongeza hiyo, kwa kila dola, ziingizwe humo; na kwa kuwa tangu kura hiyo ipigwe kodi haijapandishwa, jimbo limebaki na mfuko wa kikatiba usio na fedha. Naanza na habari ya mfuko, kabla ya habari ya wanyama wenyewe, kwa sababu mwaka huohuo wa 2025 ndio uliokuwa mwaka wa kuhuisha mpango wa jimbo wa kuhifadhi wanyamapori na makazi yao, na naona haiwezekani kuupima mpango huo kwa haki bila kuuliza utatekelezwa kwa fedha zipi, na juu ya ardhi ya nani.

Chimbuko la mipango hii ni uamuzi wa Bunge la Marekani wa mwaka 2000 wa kuanza kutenga ruzuku kwa majimbo, hasa kwa ajili ya viumbe ambao hawawindwi wala hawavuliwi kwa leseni, na ambao kwa muda mrefu hawakuwa na fungu lao la fedha. Ili kupata ruzuku hiyo, kila jimbo lilitakiwa liwe limeandika mpango wake kufikia tarehe 1 Oktoba 2005, na kuupitia upya katika kipindi kisichozidi miaka 10. Mpango lazima uwe na mambo manane: hali na mtawanyiko wa spishi zinazopungua, mahali na hali ya makazi yake, matatizo yanayozikabili, hatua za kuchukuliwa, namna ya kufuatilia matokeo, utaratibu wa kuupitia upya, ushirikiano na mamlaka nyingine pamoja na mataifa ya wenyeji wa asili, na ushirikishwaji wa wananchi. Duru ya kwanza ilikuwa 2005, ya pili 2015, na kwa sehemu kubwa ya majimbo, Iowa ikiwamo, 2025 ilikuwa zamu ya duru ya tatu.

Iowa si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, jimbo hilo lilitoa mpango wa uhifadhi wa miaka 25, mmoja wa mipango ya mwanzo kabisa ya aina hiyo Marekani. Aldo Leopold, ambaye fikra zake juu ya wajibu wa binadamu kwa ardhi zimefundishwa kwa vizazi, alizaliwa Burlington, kwenye ukingo wa Mto Mississippi, mwaka 1887. Ada Hayden, mtaalamu wa mimea wa chuo cha Iowa State, mjini Ames, alizunguka jimbo katika miaka ya 1940 akitafuta vipande vya nyika vilivyokuwa vimebaki, akaishauri serikali ivinunue kabla havijalimwa. Kipande kimoja cha takriban ekari 240 katika Kaunti ya Howard, kilichonunuliwa mwaka 1945, sasa kinaitwa kwa jina lake. Wanaodai kwamba uhifadhi ni fikra ngeni iliyopandikizwa Iowa kutoka miji ya pwani hawajasoma historia ya jimbo lao.

Pamoja na urithi huo wote, kilichopotea ni kikubwa kiasi kwamba takwimu zake zinahitaji kusomwa polepole. Iowa ina ekari zipatazo milioni 36, na kabla ya walowezi kuja na majembe ya chuma, sehemu kubwa mno ya eneo hilo ilikuwa nyika ya majani marefu, ambamo nyasi zilifika kifuani mwa farasi. Leo nyika hiyo ya asili iliyosalia haifiki hata asilimia 0.1 ya ile ya mwanzo. Ardhioevu nazo, hasa vile vidimbwi vilivyoachwa na barafu kuu kaskazini mwa jimbo, zilikaushwa kwa mabomba yaliyofukiwa chini ya mashamba, na karibu zote zimekwisha. Mahali pake pana mahindi na soya, ambayo kwa pamoja hufunika takriban ekari milioni 23. Nyika ya zamani imesalimika pale tu ambapo jembe lilizuiwa na kitu: kwenye miteremko mikali ya vilima vya magharibi, kandokando ya reli, na makaburini. Katika makaburi ya Rochester, Kaunti ya Cedar, kwenye ekari zisizozidi 15, wataalamu wamehesabu mamia ya aina za mimea, nyingi kati yake zikiwa zimetoweka kabisa katika mashamba yanayoyazunguka.

Jambo ambalo hutangulia katika kuhuisha mpango wa namna hii ni orodha ya spishi zinazohitaji uhifadhi kwa kiwango kikubwa zaidi. Iowa imefanya kazi nzuri hapa, na sifa hiyo isipunguzwe. Orodha yake haiishii kwa ndege na wanyama wanaonyonyesha; inawafikia vipepeo, kereng'ende, konokono wa nchi kavu na kome wa mito, viumbe ambao hakuna mtu anayewapiga picha za kalenda. Tangu 2006, Idara ya Maliasili ya jimbo, ikishirikiana na chuo cha Iowa State, imekuwa ikiendesha ufuatiliaji wa spishi nyingi kwa mara moja, kwa njia zinazofanana kila mwaka, ili takwimu za leo ziweze kulinganishwa na za jana. Wapo pia watu wa kujitolea ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakiendesha magari usiku kwenye barabara za vijijini, wakisimama kwenye vituo walivyopangiwa, wakizima injini na kuandika ni vyura gani wanaolia. Kazi yao ni ya subira na haina malipo, lakini ndiyo inayoliwezesha jimbo kusema kwa uhakika kwamba spishi fulani inapungua au inaongezeka.

Hata hivyo, orodha iliyo bora ina hatari yake. Kadiri takwimu zinavyoboreka ndivyo waandishi wa mpango wanavyovutwa kuzidisha kurasa za takwimu, na ndivyo msomaji anavyoweza kuamini kwamba kujua ni nusu ya kutenda. Mpango unaweza kueleza kwa usahihi wa kupendeza ni wapi ndege fulani wa nyika amebakiza jozi ngapi, usiseme lolote juu ya mtu ambaye msimu ujao ataamua kama kipande hicho kitalimwa. Nimezisoma nyaraka za aina hii kwa muda, na mara nyingi sura ya vitisho imeandikwa kana kwamba kilimo, ujenzi na uchafuzi ni hali ya hewa, mambo yanayotokea yenyewe, wakati kila kimojawapo ni uamuzi wa mtu mwenye jina, hesabu zake na sababu zake.

Tuangalie yaliyofanikiwa na yaliyokwama katika jimbo hilohilo. Fisi maji walirudishwa kuanzia mwaka 1985, na leo wanapatikana katika sehemu nyingi za mito ya Iowa. Batamaji wakubwa weupe, waliokuwa wametoweka kama wazalianao tangu karne ya 19, walianza kuachiliwa tena katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 jozi ya kwanza ilitotoa porini. Korongo wa Marekani ndio wanaonivutia zaidi, kwa kuwa hakuna aliyewaleta: mwaka 1992, baada ya karibu karne nzima bila kiota hata kimoja ndani ya jimbo, jozi moja ilikuja yenyewe kwenye kinamasi cha Otter Creek, ikajenga kiota na kulea, na tangu hapo wameendelea kuongezeka. Katika mifano hii yote makazi yalikuwapo au yalikuwa yamekarabatiwa. Mnyama alikuta pa kuishi.

Sasa tumtazame kuku wa nyika, ndege ambaye madume wake hukusanyika alfajiri ya majira ya kuchipua na kucheza wakipuliza vifuko vya shingo vyenye rangi ya chungwa. Aliwahi kuwa mwingi Iowa kiasi cha kuwindwa kwa biashara. Kusini mwa jimbo, karibu na Kellerton katika Kaunti ya Ringgold, juhudi za kumrejesha zilianza katika miaka ya 1980, na kati ya 2012 na 2017 ndege zaidi wakaletwa kutoka Nebraska. Wahusika walijitahidi kwa kila kilichokuwa mikononi mwao. Lakini ndege huyu anahitaji uwanda mpana wa majani usiokatizwa na miti wala mashamba, na kisiwa cha nyika kilichozungukwa na ardhi iliyolimwa hakimtoshi, hata kitunzwe vipi. Idadi yake imebaki ndogo mno. Fisi maji anaweza kuishi kwenye utepe wa mto, naye kuku wa nyika anahitaji majirani wengi wakubaliane. Hapo ndipo ninapoona mpaka wa mipango iliyopita: pale ambapo serikali ilihitaji kufanya jambo lake peke yake katika ardhi yake, mara nyingi imefaulu, na pale ambapo ilihitaji maelfu ya wenye mashamba, imeandika mapendekezo.

Zaidi ya asilimia 97 ya ardhi ya Iowa ni mali ya watu binafsi. Takwimu hii hutajwa katika kila mkutano, kisha mazungumzo yakaendelea kana kwamba haikutajwa. Lakini chini yake kuna nyingine mbili ambazo naziona zina uzito zaidi kwa miaka 10 ijayo. Ya kwanza ni kwamba zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo inalimwa na mpangaji, mwenyewe akiwa mahali pengine, wakati mwingine nje kabisa ya jimbo. Ya pili ni kwamba, kwa mujibu wa utafiti wa umiliki wa ardhi ambao chuo cha Iowa State kiliufanya mwaka 2022, takriban theluthi mbili ya ardhi hiyo iko mikononi mwa watu wenye umri wa miaka 65 au zaidi. Ukizisoma pamoja unaona kwamba katika uhai wa mpango huu wa tatu, kabla ya marejeo ya 2035, mamilioni ya ekari yatabadilisha wenyewe kwa mirathi au kwa mauzo. Sioni badiliko jingine la makazi ya wanyamapori Iowa, hata lile la tabianchi, ambalo katika muda huo mfupi litafanyika haraka hivyo na kwa ukimya hivyo. Litafanyika katika ofisi za mawakili na mezani kwa wanafamilia baada ya mazishi.

Kwa hiyo swali ambalo mpango uliohuishwa ungepaswa kuliweka mbele ni hili: nani atakuwapo kuzungumza na mrithi? Mjane wa miaka 80 anayeishi Cedar Rapids, anayempangisha jirani shamba la marehemu mumewe, huenda angefurahi kusikia kwamba kile kipande chenye maji kila masika kinaweza kurudishwa kuwa kinamasi kwa mkataba wa malipo, na kwamba anaweza kuweka katika hati ya ardhi masharti ya kudumu yatakayowabana hata wajukuu. Lakini akisikia habari hiyo baada ya shamba kupigwa mnada, imemfikia bure. Mpango wa wanyamapori unaotaka kufika mashambani unahitaji watumishi wanaojua sheria za mirathi na mikataba ya ukodishaji kwa kiwango kilekile wanachowajua vipepeo, na uwataje katika sura ya hatua za kuchukuliwa kwa idadi na kwa kaunti.

Mikataba ya ukodishaji yenyewe inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kwa sheria ya Iowa, mwenye shamba au mpangaji anayetaka kusitisha ukodishaji hana budi kutoa taarifa kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba. Asipofanya hivyo mkataba huendelea mwaka unaofuata, unaoanza tarehe 1 Machi. Mpangaji anayeishi kwa hofu ya tarehe 1 Septemba hawezi kulaumiwa akikataa kupanda ukanda wa maua ya nyika, maana mimea hiyo hutumia mwaka wa kwanza na wa pili kujenga mizizi, na huchanua vizuri kuanzia wa tatu, wakati ambapo yeye huenda hayupo. Mkataba wa miaka mitano wenye kipengele cha kugawana gharama na malipo ya uhifadhi ungefanya kazi ambayo vipeperushi 100 haviwezi. Haya ni mambo makavu, nakiri, na hayavutii kama picha ya kipepeo monaki juu ya ua, lakini kiwavi wa monaki hula mimea ya jamii moja tu, ile yenye utomvu mweupe kama maziwa, na mimea hiyo itakuwapo au haitakuwapo kutegemea maneno yaliyomo katika karatasi hiyo ya ukodishaji.

Hapa naingia katika jambo ambalo naliona ndilo fursa kubwa iliyo wazi, yaani maji. Mwaka 2013 Iowa ilipitisha mkakati wa kupunguza naitrojeni na fosforasi zinazotiririka kutoka jimbo hilo kuelekea Mto Mississippi na hatimaye Ghuba ya Meksiko, kwa lengo la kupunguza asilimia 45. Lengo hilo bado liko mbali. Juni 2025, mamlaka ya maji ya Iowa ya Kati, inayowahudumia watu wapatao 600,000 ndani na nje ya Des Moines, ilipiga marufuku umwagiliaji wa nyasi za majumbani, kwa kuwa naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, katika mito ya Raccoon na Des Moines ilikuwa imepanda kiasi kwamba mitambo ya kuichuja isingemudu mahitaji ya kawaida. Familia iliyokatazwa kumwagilia ua wake, na kome aliyezikwa kwenye tope la mto huohuo, wanadhurika kwa chanzo kimoja, ingawa habari zao zimeandikwa katika nyaraka mbili zisizosomwa pamoja.

Dawa nazo ni zilezile. Kuanzia mwaka 2007 watafiti wa Iowa State, katika hifadhi ya taifa ya Neal Smith mashariki ya Des Moines, walipanda kanda za mimea ya nyika ndani ya mashamba ya mahindi na soya. Waligundua kwamba kuigeuza sehemu moja tu ya kumi ya shamba kuwa nyika kulipunguza udongo unaochukuliwa na maji kwa zaidi ya asilimia 90, kukapunguza kwa kiasi kikubwa virutubisho vinavyopotea juu ya ardhi, na wakati huohuo kukaongeza ndege na wadudu wachavushaji. Sheria ya kilimo ya shirikisho ya 2018 ikaziingiza kanda hizo miongoni mwa mambo yanayoweza kulipiwa. Upande wa mito upo mfano mwingine. Samaki mdogo aitwaye shaina wa Topeka, aliyewekwa katika orodha ya shirikisho ya walio hatarini mwaka 1998, hupenda vidimbwi vya zile kona za zamani ambazo mto umezikata na kuziacha. Vingi kati yake vilijaa udongo. Wahifadhi wakishirikiana na chama cha wakulima wa soya wamekuwa wakivichimbua, hasa katika bonde la Mto Boone, na samaki wamerudi. Na kidimbwi hichohicho, kikielekeziwa maji ya mabomba ya shamba, hupunguza naitreti kabla haijafika mtoni. Mkulima ambaye hana habari na shaina wa Topeka hupata sababu nyingine ya kukubali.

Ningependa kuona ramani ya maeneo ya kipaumbele ya mpango wa wanyamapori ikiwekwa juu ya ramani ya mabonde yanayotoa naitreti nyingi zaidi, na pale zinapolingana, fedha za pande zote mbili zimwagwe kwa pamoja. Naamini hilo lingebadilisha mambo kuliko kuongeza spishi 50 katika orodha. Lingeuondoa pia uhifadhi katika hali yake ya sasa ya kuonekana kama jambo la wapenda ndege, na kuufanya kuwa sehemu ya bili ya maji ya kila nyumba.

Nirudi kwenye fedha. Mfumo wa Marekani wa kugharimia wanyamapori ulijengwa juu ya uwindaji na uvuvi: leseni za majimbo, pamoja na ushuru wa shirikisho wa bunduki na risasi uliotengewa wanyamapori kwa sheria ya 1937, na wa vifaa vya uvuvi kwa sheria ya 1950. Wawindaji na wavuvi wanastahili heshima kwa kuubeba mzigo huo. Lakini fedha zao kwa desturi hufuata kulungu, bata na samaki wa kuvuliwa, na konokono wa vilima vya Iowa hana leseni inayouzwa kwa ajili yake. Ruzuku za shirikisho zilizoanzishwa 2000 hugawanywa kwa majimbo yote na maeneo yote ya Marekani, na kila moja linapata kidogo huku likidaiwa kuchangia fedha zake. Juni 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 231 dhidi ya 190, muswada ambao ungeyapa majimbo takriban dola bilioni 1.3 kila mwaka kutekeleza mipango hii. Hadi mwaka ulipoisha, Seneti haikuwa imeupitisha. Tangu hapo, jimbo lisilojipangia fedha zake lenyewe lina mpango wa kusubiri.

Majirani wa Iowa hawakusubiri. Kusini, wapigakura wa Missouri walikubali mwaka 1976 kodi ya mauzo ya sehemu moja kwa nane ya asilimia kwa ajili ya uhifadhi, na Idara yao ya Uhifadhi imeitegemea kwa karibu nusu karne. Kaskazini, wapigakura wa Minnesota walikubali mwaka 2008 sehemu tatu kwa nane za asilimia hadi mwaka 2034, theluthi moja yake ikienda kwenye makazi ya wanyamapori na theluthi nyingine kwenye maji. Udongo ni uleule, mahindi ni yaleyale, na wapigakura hawatofautiani sana na wale wa Iowa wa Novemba 2010. Tofauti ni kwamba Iowa iliandika sharti linaloliachia Bunge kuamua ni lini. Mwanzoni mwa 2020 Gavana Kim Reynolds alipendekeza kupandisha kodi ya mauzo kwa senti moja, huku akipunguza kodi ya mapato, jambo ambalo lingeujaza mfuko. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, na pendekezo likafa.

Zipo hoja za upande wa pili ambazo siwezi kuzipita. Kodi ya mauzo humgusa maskini kuliko tajiri, na hilo ni kweli. Lakini vyakula vya kupika nyumbani havitozwi kodi hiyo Iowa, na kwa manunuzi ya dola 1,000 yanayotozwa, sehemu tatu kwa nane za senti ni dola 3 na senti 75. Hoja ya pili, inayotoka kwa wakulima vijana, ni kwamba serikali ikinunua ardhi inapandisha bei na kuwazuia wao kuanza. Naiona ina uzito, na ndiyo maana nimesisitiza mikataba, masharti ya hati na ukodishaji kuliko ununuzi. Ekari iliyolowa maji, inayotia hasara karibu kila msimu, si ekari ambayo kijana atajengea maisha. Hoja ya tatu ni hofu kwamba spishi ikiandikwa katika mpango wa jimbo, maofisa wa shirikisho watafuata na makatazo. Hapa wahifadhi wenyewe wamekosea kwa kutoeleza vya kutosha. Mpango wa jimbo hauna nguvu ya kumzuia mtu yeyote kulima. Makatazo hutokana na sheria ya shirikisho ya 1973 ya spishi zilizo hatarini, na kazi ya mpango ni kuisaidia spishi kabla haijafikishwa huko. Anayechukia makatazo ana sababu nzuri ya kutaka mpango ufaulu.

Limebaki jambo la ushirikishwaji wa wananchi, la nane katika orodha ya masharti. Iowa ya leo si ile ya 1933. Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City zina jamii kubwa za watu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika katika shule, makanisa na viwanda vya nyama vya jimbo hilo. Des Moines kuna mpango wa Global Greens, unaowapatia wakimbizi, wengi wao wakiwa wakulima waliokuja na ujuzi wao, vipande vya ardhi vya kulima na kuuza mboga. Watu hawa hunywa maji ya mito ileile, na walioshika jembe Bujumbura Vijijini au Kivu ya Kusini hawahitaji kufundishwa udongo unaobebwa na mvua maana yake ni nini. Mikutano ya kukusanya maoni juu ya makazi ya wanyama inapaswa kuwafuata waliko, kwa lugha wanayoizungumza, na si kwa hisani bali kwa kuwa sheria ya ruzuku inadai wananchi washirikishwe nao ni wananchi. Na kwa anayetaka kuanza hata leo, fomu ya kodi ya mapato ya Iowa ina nafasi ya kuchangia mfuko wa wanyama wasiowindwa, nafasi ambayo walipakodi wengi huiruka bila kuisoma.

Bunge la Iowa hukutana Des Moines kila Januari. Mpango wa tatu utakuwa mezani kwa Idara ya Maliasili, ukiwa na orodha yake, ramani zake na hatua zake, na utakaa hapo hadi 2035. Kila mwaka wa hiyo 10, wazee kadhaa wenye ardhi watafariki, mashamba yao yatagawanywa, na tarehe 1 Septemba itafika na kupita. Kifungu cha 10 hakihitaji kura nyingine ya wananchi, kwa maana walikwishaipiga. Kinahitaji sheria moja ya kodi, iliyopitishwa na mabaraza mawili na kutiwa saini na gavana.